Siku Kaka Aliponiachia Kiti

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili asubuhi

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu za wote waliomo humu ndani. Je, kile kifua chako kimepoa? Na wifi yangu ameshaizoea baridi ya huko? Sisi miili haijambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi mzima kabisa. Jana amemfukuza fundi bomba kwa maneno matupu.

Nakuandikia habari za kaka. Keti kwanza.

Unajua kaka ndiye aliyeziunganisha kompyuta zote za hospitali, nasi wa maabara tunazitumia kutunza majibu ya vipimo. Zinaendeshwa na mfumo uitwao Unix, nao ulikuwa umechakaa, basi uongozi ukamwagiza aziwekee toleo jipya. Ilibidi aanze na mashine kubwa inayohifadhi majibu ya wagonjwa wote, kisha nyingine zivute toleo hilo kwa mtandao. Akaomba nimsaidie. Nilifurahi mno, kwani tangu aliponifundisha kazi ya kompyuta hatukuwa tumekaa meza moja.

Mashine kubwa ilikwenda vizuri. Akayarudisha majibu aliyokuwa ameyanakili pembeni, tukayakagua, tukatoka kunywa chai. Tuliporudi, akaketi mbele ya mashine ileile, akaanza upya, na akachagua kufuta diski nzima, pamoja na majibu yote. Nilidhani ananitania. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kukubali. Nikamshika mkono.

"Kaka, hii tumeshaimaliza."

Akanigeukia. Kisha akauliza polepole, "Tumeimaliza mimi na nani?"

Akainuka, akanivutia kiti. "Kaa wewe," akasema. "Mimi nitawaharibia."

Nikazimaliza zilizobaki huku yeye amesimama nyuma yangu, mkono begani. Nilipokosea amri moja alinisahihisha papo hapo, bila kusita. Hilo ndilo lililoniliza.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mkuu wake akamweleza, akarudisha funguo za chumba cha mashine. Daktari ametuambia ni maradhi ya kusahau, na hayana kurudi nyuma. Shemeji yako, mke wa kaka, anasema kaka ameyaficha kitambo, akimnong'oneza amtajie majina ya majirani kabla ya kuwafungulia mlango. Kaka mwenyewe anatania kwamba mashine zimepata toleo jipya, ila yeye kabaki na la zamani. Tunacheka, kisha kila mtu anajitafutia kazi jikoni.

Mama bado hatujamwambia yote. Nadhani anajua.

Nisalimie wifi, na wanangu uwabusu mmoja mmoja. Mama na shemeji yako wanakusalimu. Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, na akufungulie njia.

Juzi kaka alikuulizia, akakuita kwa jina lako la utotoni, akataka kujua kama umeshatoka shule. Nikamwambia uko njiani unakuja. Tafadhali, usinifanye mwongo.

Dada yako akupendaye siku zote.