Siku Anitha Aliposhika Wasifu Wako

Aloyce,

Shikamoo sikupi, tulizaliwa msimu mmoja.

Siku ya kukuzika nilisoma wasifu wako mbele ya umati, sauti haikutetereka, hata padri akauliza nilisomea wapi. Uongo. Mimi wa darasa la nne ningethubutu? Karatasi alipewa Anitha, mjukuu wangu, maana Uru nzima ilijua ndiye mwanafunzi wako bora. Wewe mwenyewe ulimwandika wa kwanza, miaka yote saba, na mimi nikazitembeza ripoti zile kwenye kilabu cha mbege mpaka wazee wakawa wananikimbia.

Akasimama kando ya jeneza. Akasema, "Marehemu." Akanyamaza. Nikadhani ni machozi. Akaigeuza karatasi juu chini, akairudisha. Katekista akaichukua, akamalizia.

Watu walipotawanyika nikamkalisha nyuma ya zizi, nikamuuliza. Hakuniangalia.

"Babu, mwalimu alijua. Alisema usiambiwe, utaumia."

Nitaumia! Aloyce, umekunywa mbege yangu, tumecheka hadi ukapaliwa, na muda wote unajua mtoto hasomi. Najua madarasa mawili yalibanana chumba kimoja na mwalimu ni wewe tu, unakohoa chaki. Ungesema. Ningekununia siku mbili, ya tatu tungetafuta njia. Ukaona heri unihurumie, kama mjinga. Hapo ndipo uliponikata.

Sasa yuko kidato cha kwanza, vitabu vya Kiingereza anavibeba kama matofali. Mwalimu wake, binti mdogo tu, kanieleza ukweli bila kupepesa macho: tuanze na Kiswahili, tuanze mwanzo. Basi kila akitoka shule tunakaa chini ya migomba na kitabu cha nyimbo za kanisa, kipofu na kiongozi wake mwenye chongo. Jana kamaliza mstari mzima peke yake. Nikajifanya nakagua mkungu wa ndizi.

Nakuahidi, simwachi mpaka asome ukurasa bila mimi. Siku hiyo nitakusamehe. Kabla ya hapo, hapana. Lala salama, mwongo wangu.

Ila kuna fadhila nakudai. Mkaguzi alipokukuta umelewa, nani alimwambia una malaria? Basi nilipe. Mke wangu mko naye huko. Alikata roho nimemshika mkono, namwambia mtoto anasoma kuliko wote. Mweleze wewe, taratibu, kabla sijafika.