Sakafu Si Tabaka Moja

Londiani,
Jumapili

Mdogo wangu Okemwa,

"Tabaka tatu zilizolaliana ni sawa na tabaka moja nene." Hayo ni maneno ya injinia wako Ogada, katika ripoti uliyoniletea mwenyewe niisome. Si kweli, na nitakueleza kwa nini. Lakini Mama hakutulea tuandikiane bila salamu. Bwana asifiwe. Mama hajambo, goti limepoa, na kutwa anauliza kama mkeo Monicah amepona kifua. Sisi huku tunachimba viazi kwenye matope. Natumaini watoto wanasoma na hawakuchoshi.

Sasa tuje kwenye sakafu. Wewe ndiwe meneja wa kiwanda, unaijua kuliko Ogada. Ghorofa ya kunyaushia majani ya chai ilijengwa kwa mbao. Zilipolegea, aliyekutangulia hakuzing'oa, alitandika plaiwudi juu. Plaiwudi ilipolainika, wewe ukamwaga zege. Ndivyo tunavyotengeneza kila kitu kwetu: kibovu hatukitoi, tunakifunika. Na kwa kuwa mvua imeleta majani mengi, kesho mnataka kuyarundika maradufu ya kawaida juu ya sakafu hiyo hiyo.

Usidhani nachukia kurahisisha hesabu. Nimewafundisha vijana kazi hiyo miaka mingi. Kompyuta huigawa sakafu vipande vidogo vidogo, ikakokotoa kila kipande kinavyopinda na kumsukuma jirani yake. Ukichora kila tabaka na kila msumari, hesabu haiishi. Kwa hiyo tunaziunganisha tabaka, tunazipa ugumu mmoja wa pamoja, tunaendelea. Ni halali kabisa, mradi tabaka ziwe zimeshikana kweli. Laza vipande vitatu vya plaiwudi vilivyo sawa, kimoja juu ya kingine, ukalie katikati: vitateleza na kupinda. Vigundishe vizuri, vitakuwa vigumu mara tisa. Ogada amepiga hesabu ya gundi ambayo hakuwahi kuitafuta.

Jumanne nilipofika kiwandani ulikuwa mkutanoni Kericho, ndiyo maana Ogada alinipandisha juu yeye. Nilimpeleka kwenye tundu ambamo majani yaliyonyauka hupita na kuangukia mashine za kukatia huko chini, maana pale kingo za tabaka huonekana kama mkate uliokatwa. Nikachomeka kisu kati ya zege na plaiwudi. Kikaingia hadi mpini. Nikakichomeka chini ya plaiwudi, kikaingia tena, kikatoka kimelowa. Hewa ya moto na unyevu wa majani vimekula kila kilichokuwa kinashika.

Ogada alicheka. Alisema kwamba ukingoni kila kitu huachana, na kwamba tukifuata kila ufa kompyuta itatupa jibu wakati wa Krismasi. Nikamwambia simdai nyufa zote za Kericho, namdai huo mmoja ulio chini ya viatu vyake. Akasema magazeti ninayoyaandikia yamenizoeza kugombana. Ni kweli, yamenizoeza. Nikachukua nyundo nikagonga kuanzia ukingoni, na sakafu ikaitikia kama debe tupu mpaka katikati. Jerusa, binti ya mamdogo, alikuwa pale na wenzake wakigeuza majani. Akatuuliza kwa sauti iwapo ngoma tunayoipiga ndiyo hiyo wanayochezea wao kila siku. Wenzake walicheka, ila Ogada hakucheka tena. Ripoti yake lakini hakuibadilisha.

Niliporudi nyumbani nikaipiga hesabu upya. Sikuchora misumari. Niliziacha tabaka zote tatu, nikaziruhusu ziteleze kama zinavyoteleza. Kwa mzigo wa kawaida sakafu inabeba, ingawa kwa shida. Kwa mzigo maradufu inavunjika katikati, pale pale anaposimama Jerusa, juu ya mashine. Nilikutumia majibu hayo. Ukanijibu kwamba Ogada ameshaidhinisha, nisiwatie watu hofu.

Basi sikia, Okemwa. Ijumaa wafanyakazi wa ghorofa walikataa kupanda, nawe ukamsimamisha kazi Owino wa chama cha wafanyakazi, ukisema ndiye mchochezi. Owino hakujua lolote. Ni mimi. Alhamisi nilikwenda nyumbani kwa Jerusa, nikamwita yeye na wenzake wote jikoni, nikalaza vipande vitatu vya plaiwudi kati ya viti viwili, nikawaambia wavikalie. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kuhutubia. Mchochezi unayemtafuta mlinyonya naye ziwa moja, na hata kesho atafanya vile vile.

Mama anakubariki. Wape watoto salamu, na umwambie Monicah asiache kunywa dawa.

Barua hii usiifiche. Msomee Ogada, wasomee wakurugenzi wenu, kwa maana sasa nasema nanyi nyote. Mrudisheni Owino kazini, mbele ya watu wale wale walioona akisimamishwa. Yakataeni majani ya ziada. Ng'oeni zege, ng'oeni plaiwudi, mtazame mbao zilivyo. Na kama bado mnaamini kwamba hiyo ni tabaka moja, basi kabla ya kumwita Jerusa pandeni nyinyi wenyewe, msimame katikati, na majani yarundikwe maradufu mkiwa mmesimama.

Dada yako mkubwa,
Mellen Nyaberi