Somo la Kuogelea Limesogezwa

Jumatatu, 4 Machi

Imekubali tena, wiki ya sita sasa! Kompyuta yangu ndogo imepanga mafunzo ya kombania zote tatu — uwanja wa shabaha, madarasa, malori, wakufunzi — kabla chai yangu haijapoa. Zamani kazi hii ilinila wiki nzima, mimi na kifutio. Haijaribu kila njia, ingekesha. Inafuata kanuni chache nilizoipa: somo gumu kupangika litangulie, jepesi lizibe mapengo, linalokosa mkufunzi lisogezwe wiki ijayo. Meja — kwa siri tunamwita Pasi, kwa zile suruali zake zilizonyooka — kanisifu mbele ya wageni. Kichwa kilivimba, sikatai.

Jumatano, 6 Machi

Mdogo wangu, kuruta wa kombania ya tatu, kapita ofisini kuomba sabuni. Ijumaa wanavuka mto na mizigo mgongoni. Nikamtania: utazama kama jiwe wewe. Akacheka. Labda kweli, dada, maana kuogelea hatujafundishwa hata siku moja.

Nikadhani utani. Kwenye skrini somo lao ni la kijani! Nikachimba. Mkufunzi wa kuogelea ni mmoja tu, alifundisha kombania mbili akaugua. Tangu hapo kila wiki mashine inalisogeza somo, na kila wiki inalipaka kijani: limepangwa. Ripoti ya Meja nayo inahesabu kijani kuwa limefanyika. Kanuni yangu. Mikono yangu hii hii!

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia Meja: afande, kosa ni langu. Kasema ripoti imeshakwenda makao makuu, vijana wameiva, nirekebishe wiki ijayo. Mto wenyewe eti ni wa magoti. Na mvua yote hii? Maji usiyoyafika hujui wingi wake — na yeye hajayafika. Mama alisema, mwangalie mdogo wako.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefuta kijani. Nimechapa ripoti ya kweli, nimemwekea Meja mezani. Kaisukuma kando, hakusoma. Malori yakawashwa.

Nimepanda la nyuma. Ruhusa sina. Kamba ninayo, nimeichukua stoo bila kusaini. Mdogo wangu kaniuliza, dada, karani anafuata nini mtoni? Nikasema nakwenda kukagua kazi yangu. Wenzake wakacheka.

Mwandiko unaruka, barabara mbovu. Mto huu niliuvuka nikiwa kuruta. Siku ile hatukuusikia mpaka tulipofika ukingoni. Leo nausikia kutoka hapa, unaizidi ngurumo ya injini.