CD Niliyosema Nimeichoma

Jumanne, 4 Julai 2023

Nimeitoa leo. Miaka tisa chini ya nguo! Siku ile ya uamsho hapa mjini Baraka, sisi tuliookoka tulichoma muziki wa dunia mbele ya kanisa. Mimi nilitupa motoni jalada tupu, CD yenyewe nikaificha ndani ya kitenge. Kisha nikashika mikro na kushuhudia: CD zangu zote zimeteketea. Vigelegele!

Nimeisikiliza kwa jirani yangu Marie, ana lekta ya CD. Vinanda vya umeme, ngoma za mashine, mwanamke anaimba kama amekasirika kidogo. Nikiwa na miaka ishirini nilisikia raha tu. Leo nasikia kazi ya ufundi. Ngoma inanyamaza pale hasa unapoingoja, mguu wako unajaza wenyewe. Wimbo wa nne nimeurudia mara saba. Marie ameuliza kama lekta imekwama.

Jumapili kwaya yetu inaimba mjini Fizi, kwaya kumi na moja zitakuwepo. Nasi tunasinzia. Miaka yote hii napiga kinanda kwa mdundo uleule. Basi!

Alhamisi, 6 Julai

Repetisyo ya kwaya, kujiandaa kwa Jumapili. Nimeuweka mdundo ule wa CD chini ya wimbo wetu wa sifa. Bamama wa sauti ya pili walicheka, kisha wakaushika. Sijawahi kuwasikia hivyo! Hata Nicolas wa besi, anayeimba amefumba macho, aliyafumbua.

Rais wa kwaya, Baba Bonaventure, akainua mkono.

— Mama Suzanne, ile ngoma naijua. Iko ya ile CD ya bluu. Jalada yake niliiona ndani ya moto. We ulisema ulichoma yote!

Nikainamia kinanda kama mwizi aliyeshikwa.

Ijumaa, 7 Julai

Mke wa mchungaji amekuja, kwa upole. Kamati ya kanisa inakaa kesho. Nilete CD, niombe pardon, waichome, maneno iishe. La sivyo adhabu: benchi la nyuma miezi sita, na kinanda apewe mwingine.

Benchi la nyuma! Bila kinanda mimi ni nani pale? Nimelia huku nasonga bugali. Halafu hasira ikanipanda. Uongo ni wangu, nitaukiri. Mdundo haukumdanganya mtu.

Jumamosi, 8 Julai — nje ya chumba cha kamati

Nimekiri mbele ya wajumbe wote sita, Baba Bonaventure akiwemo. Nimewaambia: Niwekeni nyuma ikibidi. CD siitoi. Na mdundo uende Fizi, hata akiupiga mwingine.

Kisha nikauliza jambo moja tu. Jalada aliliona, sawa — ngoma yenyewe Baba Bonaventure aliijulia wapi?

Mke wa mchungaji akamgeukia. Yeye akatazama dari.

— Mama Suzanne, toka kidogo, tuongee, akasema mke wa mchungaji.

Nimekaa hapa kwenye tofali karibu saa nzima. Walianza kwa kelele. Sasa sauti zimeshuka. Kuna mtu anapiga meza kwa vidole, polepole, kama anawaeleza wenzake. Ni mdundo wangu! Ila kila akifika pale pa kunyamaza, anapajaza. Hapana, Baba, hapo unaacha!

Nimesimama niingie nimwonyeshe. Hawajaniita.