Ukifika Kasulu, Usikatize Uwanjani

Kwa Odilia, nyuma ya soko,
Kibondo.
Jumapili, 2 Machi 1997

Mpendwa Kaka Reverien,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 6 Februari nimeipokea tarehe 24, yaani imetembea siku kumi na nane kutoka Kilosa. Nimefurahi kusikia kifua kimetulia na shule imekupa walimu wawili wapya. Shemeji Theodosia naye anaendeleaje na ule mgongo? Mwambie asinyanyue ndoo kwa kuinama, apige goti kwanza.

Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu. Mvua ni nzuri, maharage yamesimama, mahindi ya Makere yanafika kiunoni. Mimi bado nipo Kibondo kwa binti yangu Odilia, kwa sababu hapa ni karibu na hospitali ya kufunga kidonda. Ninatembea hatua arobaini kwa gongo, kisha ninakaa. Juzi nilifika hamsini na mbili, usiku mguu ukanilipisha.

Nimesoma kwamba unakuja Pasaka kwenye ubatizo wa mtoto wa mdogo wetu Anania. Utapanda treni ya Jumanne, ufike Kigoma asubuhi ya Alhamisi Kuu, utafute gari la Kasulu, na saa tisa mchana uwe nyumbani kwa Anania. Kaka, hapo ndipo nilipoacha kusoma. Nikamwambia Odilia aniletee karatasi.

Kwanza lazima nirekebishe jambo. Katika barua ya Desemba nilikuandikia kwamba mashine iliharibika ikanikata vidole vitatu vya mguu. Haikuharibika peke yake. Sikuandika yote kwa sababu nilikuwa naona aibu, nawe umezoea kunisahihisha. Leo nisahihishe tu.

Unajua lile shirika linalohudumia kambi ya Mtabila liliniajiri kukata nyasi za uwanja wa ndege wa Kasulu. Mashine ilitoka Marekani ndani ya kreti, na kitabu chake cha kurasa sitini na nne, chote Kiingereza. Kahawa ya baba ilikusomesha wewe mpaka chuo cha ualimu. Mimi niliishia darasa la nne nikaenda kuziba pancha za baiskeli. Lakini kitabu kile nilikisoma, Odilia ameshika kamusi, na wale wenye vyeti hawakukifungua hata jalada. Miaka miwili nimekata uwanja ule bila kuchubua mtu.

Mashine yenyewe unaikalia, lakini haina usukani. Ina mikono miwili ya chuma, mmoja wa gurudumu la kushoto, mwingine wa gurudumu la kulia. Ukiisukuma yote sawasawa inakwenda mbele. Ukisukuma mmoja na kuvuta mwingine inajizungusha palepale, kama mbwa anayeutafuta mkia wake. Ndiyo uzuri wake, na ndiyo hatari yake: mikono yako miwili haina ruhusa ya kufanya kazi nyingine. Ukiachia, springi zinairudisha mikono katikati na mashine inasimama. Na chini ya kiti kuna swichi. Ukinyanyuka visu vikiwa vinazunguka, swichi inazima injini. Mzungu aliyeitengeneza aliwaza kila kitu.

Hakuwaza kwamba sisi tunasalimiana.

Wewe umekaa Kilosa miaka mingi, lakini hujasahau. Kwetu huwezi kumsalimu mkubwa "Mwakeye" ukiwa umekaa juu ya kiti, kichwa chako kikiwa juu ya chake, mikono yako imeshika vyuma. Unashuka, unainama, unatoa mikono miwili. Mama alitufundisha kwa fimbo. Sasa uwanja ule umepita katikati ya njia ya watu. Njia ilikuwapo kabla ya uwanja. Watu wanatoka mashambani kwenda sokoni na stendi, wanakatiza. Siku moja niliwahesabu kwa vijiwe mfukoni: kwa mchana mmoja walipita thelathini na wanane, na kumi na mmoja kati yao ni wakubwa ambao lazima ushuke kuwasalimu.

Njia halali ya kushuka ipo. Unairudisha mikono katikati, unazima visu, unaifungua mikono kwa nje, unavuta breki, ndipo unasimama, na injini haizimiki. Hatua nne, kama sekunde saba. Nilijaribu. Sekunde saba mzee amekwisha kukupita, na jioni maneno yamefika nyumbani: mtoto wa Makere amepata kiti, hatusalimii tena. Ukishuka upesi bila hatua hizo, injini inazima, na betri yetu ilikuwa imechoka. Kuwasha mara kumi na moja kwa mchana haiwezi. Ilibidi kuisukuma, na ile si baiskeli.

Basi nikafunga ile swichi kwa waya. Mimi, kaka, kwa koleo yangu mwenyewe, mwezi Agosti. Nikamwonyesha na Anania, aliyekuwa anakuja kunisaidia kunoa visu, jinsi ya kuifunga isionekane. Nilijiona mjanja.

Mwezi Oktoba springi ya mkono wa kulia ikalegea. Ukiachia, mkono wa kulia haurudi wote. Unabaki mbele kidogo, upana wa kidole. Nikaandika ombi la springi na swichi mpya. Vitu hivyo vinatoka Nairobi. Nikaendelea kukata, kwa sababu ndege inashuka Jumanne na Ijumaa na chanjo za watoto, na nyasi zikizidi kimo cha kiganja rubani anageuza anarudi.

Tarehe 21 Novemba, Alhamisi, alipita mkwe wangu, Mzee Niyubahwe, na mipini ya majembe begani. Kaka, mkwe. Ningebaki kwenye kiti? Niliachia mikono yote miwili nikashukia kushoto, nimekwisha kuinama. Visu vilikuwa vinazunguka kwa sababu swichi ilikuwa na waya. Gurudumu la kulia lilikuwa linasukuma kwa sababu ya springi. Mashine ikajizungusha kuja kushoto, na kava la visu likapanda juu ya buti langu. Kama si buti ungekuwa mguu. Mzee alikuwa bado amenyoosha mikono yake miwili kunipokea.

Tangu siku ile mzee hakatizi uwanja. Anazunguka na mipini yake, umri ule. Alinitumia kuku hospitali na maneno haya tu: mwambieni sikumwita ashuke. Kuku huyo sikuweza kumla.

Sasa kazi yangu amepewa Anania. Sikatai, ana mke na watoto wanne, na hakuna mwingine aliyewahi kuishika mashine ile. Nilimwita hapa Kibondo mwezi Januari, nikamwambia kila kitu kwa utaratibu. Kila asubuhi atazame oili kabla ya kuwasha, abadilishe kila masaa hamsini ya ile mita inayohesabu kazi ya injini. Visu anoe kila masaa ishirini na tano, avipime juu ya msumari visiegemee upande, na kabla ya kuingiza mkono chini achomoe waya wa plagi, hata kama injini ni baridi. Asitie petroli injini ikiwa moto. Asikate nyasi zenye maji. Asubiri saa nane mchana. Ule mwisho wa uwanja unaoteremka mtoni, akate kwa fyekeo, kwa maana mashine hii kwenye mteremko wenye utelezi hairudi nyuma na haina breki ya kukuokoa. Yote aliitikia. Kila neno ndiyo kaka, ndiyo kaka, na mikono ameikunja kifuani.

Nikamalizia: ondoa waya kwenye swichi.

Akaikunjua mikono. Kisha akasema, "Kaka Dionis, wewe ndiye uliyenifundisha kuufunga."

Nikamwambia atazame mguu wangu. Akautazama. Akasema kwa upole wake ule ule, "Wewe ulishukia kushoto. Mimi ninashukia kulia."

Umeona hesabu yake? Kulia ndiko lilipo tundu la kutupia nyasi, na kile kifuniko cha mpira cha tundu hilo nilikitoa mimi mwaka juzi kwa sababu nyasi mbichi zilikuwa zinaziba. Jiwe likigongwa na kisu linatoka pale kama risasi. Nikamweleza. Akasema atakuwa mwangalifu. Kila niliyemwambia jambo hili amenijibu kwamba atakuwa mwangalifu.

Nilimwandikia Bwana Tharsisi, mkuu wa karakana. Si mtu mbaya. Alijibu kwamba vipuri havijafika, waya ukiondolewa mashine haitamaliza uwanja, na uwanja usipokatwa watoto wa kambini watakosa chanjo. Akaweka kibao cha kuzuia watu kukatiza. Watu wanakisoma wakikatiza. Nimetuma maneno kwa Anania kupitia madereva wa malori mara tatu. Mara ya tatu Asnath, mke wa Anania, alirudisha jibu kwamba shemeji apumzike, ajira ni riziki ya Mungu, wivu haufai. Mimi, wivu. Uwanja ule una urefu wa mita mia tisa na upana wa thelathini. Mashine inakata mita moja na robo. Kwa kupandanisha kingo kidogo ni mistari ishirini na tano, karibu kilomita ishirini na tatu kila mara. Niseme nina wivu wa kilomita ishirini na tatu kwa mguu huu?

Ningekuwa na mguu ningekwenda Kasulu nikaukate waya ule kwa meno. Sina. Nimebaki kuhesabu. Anania anakata kila Jumatatu na Alhamisi. Kuanzia kesho mpaka Alhamisi Kuu ni mara nane. Nane mara kumi na moja ni themanini na nane. Atanyanyuka kwenye kiti kile mara themanini na nane, visu vinazunguka, springi imelegea, mimi niko hapa ninapanga mito chini ya kisigino.

Labda utasema Anania ni mkaidi. Hapana. Angekuwa na kiburi ningelala usingizi, kwa sababu mwenye kiburi angebaki amekaa. Unamkumbuka alivyokuwa akimpelekea babu kibuyu, anaanza kupiga magoti tangu mlangoni. Ndivyo alivyo mpaka leo.

Kwa hiyo nakuomba mawili. La kwanza, mwandikie leo hii ukimaliza kusoma. Wewe ni mkubwa, wewe ni mwalimu. Mimi neno langu limekatwa pamoja na vidole. Mwamuru aondoe waya, na betri ikifa, ife, ashuke asukume. Lakini najua barua yako itafika baada yako wewe mwenyewe. Nimekwisha kupiga hesabu. Hii nitaipeleka posta kesho, ikienda kama yako utaipata Ijumaa tarehe 21, nawe unaondoka 25. Ni siku nne tu za akiba. Mvua ikikata njia hata hii hutaiona, nami nitakuwa nimeuandikia ukuta.

La pili ni lako peke yako. Alhamisi ni siku ya kukata. Saa tisa atakuwa katikati ya uwanja. Gari litakushusha stendi, na kutoka pale utaliona bati la nyumba ya Anania ng'ambo ya uwanja, dakika kumi tu kwa miguu, na utakuwa umechoka na mizigo. Kaka, usikatize. Fuata barabara kubwa, pita kanisani, uzunguke. Ni kilomita moja na mita mia nne zaidi. Mzee Niyubahwe anaiweza, nawe utaiweza.

Hata ukiwa barabarani anaweza kukuona. Miaka sita hajakuona, atakutambua kwa mwendo tu. Usimpungie mkono. Usimwite. Ukiona mashine imeelekea kwako, geuka umpe mgongo, utembee kama mtu asiyemjua. Najua ninachokuomba. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumwomba kaka yake amnyime mdogo wake salamu. Ataumia, na watu watakaokuwa njiani watasema mwalimu amerudi na maringo ya mjini. Waache waseme. Wewe endelea kutembea.

Msalimie Shemeji Theodosia na watoto wote, hasa Winnie, mwambie zile soksi alizonifumia ninavaa moja. Odilia anakusalimu, pia mke wangu Immakulata, ambaye yupo Makere na palizi. Imana, Mungu wetu, akufunike njiani, treni isilale porini, na mtoto abatizwe baba yake akiwa amesimama.

Salamu za Anania zipokee nyumbani kwake jioni, mkiwa mmekaa chini. Mwache ainame kadiri apendavyo. Kisha uniandikie mstari mmoja tu, kwamba umemwona ana miguu yote miwili.

Mimi mdogo wako, anayekupenda na kukusumbua,
Dionis Ndihokubwayo