Mtani Wako Amefungwa, Mjomba

Mjomba Maganga,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira, nikuambie mapema usije ukadhani ni barua ya kukulilia. Kulia nimeshalia. Leo nataka kukugombeza, maana umekufa vibaya na umetuachia kesi.

Mtani wako Mzee Pazi amefungwa. Kosa lake ni kukuua wewe. Najua ungecheka mpaka ukohoe, lakini ndivyo hukumu ilivyosema: alikusukuma kutoka juu ya bani, lile banda lako la kukaushia tumbaku, ulipokuwa umepanda kutundika majani. Mimi mpwa wako Sabina, uliyekuwa ukinitambulisha kwa wageni kama "wakili wangu wa bure", ndiye niliyemtetea. Nikashindwa.

Nikueleze ushahidi wenyewe. Kwanza ni shati lake lenye damu yako. Sasa Mzee Pazi ndiye aliyekukuta chini, akakubeba mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari la kukupeleka hospitali ya Kitete. Walitaka asichafuke? Halafu kuna jirani aliyemsikia akikutishia asubuhi ile. Kweli alikutishia. Amekutishia kila asubuhi tangu alipostaafu kazi ya reli pale stesheni ya Goweko akaamua kubaki. Anaingia uani bila hodi, anakalia kigoda chako, anachota michembe yako, vile viazi vilivyokaushwa, na kusema, "Mpagazi wangu, leo nakuua." Na wewe unamjibu, "Niue basi, mvivu wa pwani, kama utapata nguvu ya kunyanyua hata hicho kikombe." Nilipokuwa nakuja likizo, mtoto mdogo, nilidhani hiyo ndiyo salamu ya Kizaramo.

Lakini kilichomfunga hasa ni kwamba eti aliungama.

Siku ya mazishi yako, kabla jeneza halijashushwa, Mzee Pazi aliruka kaburini, akajilaza chali, akasema anapima kama utaenea. Walipomvuta akagoma. Akapaza sauti: "Nimemuua mimi. Nimemsukuma mwenyewe, nimechoka kumlisha. Nipeni baiskeli yake nitoke." Watu walicheka mpaka padri akageuka pembeni. Mimi nilimshika mama bega nisianguke, na mama, dada yako wa tumbo moja, alikuwa anacheka kunizidi. Walipomtoa, Mzee Pazi akakaa juu ya ule udongo uliochimbwa, akalia kwa kwikwi, hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Mwanao Deus ndiye aliyekwenda polisi. Nimejaribu kumchukia nimeshindwa. Amekulia Dar kwa mama yake, utani anaoujua ni wa Simba na Yanga. Alitaka baba yake awe ameuawa na mtu, si na mti uliooza kwenye bani. Lakini wale wengine? Aliyeandika maelezo ana watani wake. Wakili wa serikali anao. Jaji anao. Wote wamezika, wote wamewahi kucheka makaburini. Ila maneno yakishaingia kwenye jalada yanakauka: "Mshtakiwa alitamka mbele ya waombolezaji kwamba amemuua marehemu." Kicheko hakikuandikwa. Nilipotaja utani, nikaulizwa, kama ulikuwa utani, mbona baadaye alilia? Yaani akichekesha ni ukatili, akilia ni majuto. Sijui walitaka afanye nini kwenye kaburi la rafiki yake, apige miayo?

Niliwaeleza ulivyonieleza wewe, kwamba babu zetu waliupata utani huu njiani, wakibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora hadi pwani. Mpagazi akifia Uzaramo, ndugu zake wako mbali, wenyeji ndio wanaomzika, na mtani huzika kwa mzaha. Jaji aliandika yote kwa utulivu, halafu akauliza mashahidi wangu wa hicho kicheko wako wapi.

Hapo ndipo uliponichosha ukoo wako, Mjomba. Mwenyekiti wa kitongoji alikumbuka maneno yote, ila kucheka hakumbuki. Katekista anaogopa parokia isisikie. Wapishi wote walikuwa jikoni, hata wale niliowaona kwa macho yangu wakijifuta machozi kwa khanga. Mama yangu aliniangalia usoni akasema, "Nicheke kwenye msiba wa kaka yangu, mimi kichaa?" Msiba mzima, hakuna aliyecheka.

Basi tukakata rufani. Majaji wakafuta hukumu, tena si kwa sababu ya utani. Ripoti ya daktari haikusomwa kwa sauti mahakamani kama inavyotakiwa, kesi ianze upya mbele ya jaji mwingine. Wenzangu pale ofisini Gongoni walinipongeza. Nilitamani kuwatupia jalada.

Nilimpelekea Mzee Pazi habari huko rumande. Amekonda, Mjomba. Nikataka kumchangamsha, nikamwambia, "Mzaramo, wametaka kukurudisha kwenu pwani, wenzako wamekataa kukupokea." Hakucheka. Alimtazama askari, akainama akaninong'oneza, "Usiseme hivyo mwanangu, wataandika." Ananiita wakili siku hizi. Zamani aliniita mjukuu wa mpagazi.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Kesho yake nikamkabidhi jalada mwenzangu mmoja, mtu makini. Wakili haruhusiwi kutetea na kutoa ushahidi katika kesi hiyo hiyo, kwa hiyo nimechagua. Safari hii sitavaa joho. Nitapanda kizimbani kama mfiwa, niape, niseme Mzee Pazi aliruka kaburini, alisema aliyoyasema, na mimi mpwa wa marehemu nilicheka. Najua swali litakalofuata: nani mwingine alicheka? Nitakuwa nimeshaapa. Nimemwambia mama mapema, asije akasikia kwa watu. Amejibu kwamba nikimtaja nitafute pa kula Krismasi. Amekasirika kweli, simu hapokei. Nami nitamtaja. Inaniuma, lakini afadhali anune yeye kuliko mzee wa watu afie gerezani kwa kukutania.

Sikuahidi kushinda, Mjomba. Nimeshaona kesi nyeupe kabisa zikipotea. Nakuahidi jambo moja tu. Akitoka, nitamleta mwenyewe mpaka Goweko, na mama nitamleta hata kwa kumburuta. Tutamsimamisha Mzee Pazi juu ya kaburi lako, hakuna wa kuandika, akutukane mpaka arudiwe na sauti yake. Lala, mpagazi. Mtani wako bado hajamaliza kukuzika.

Mpwa wako,
Sabina