Vyumba Vinne vya Nkende

Jumamosi, 8 Februari 2025

Leo mpangaji wa kwanza ameingia! Mwalimu Gloria, na kichanga chake, godoro moja, ndoo tatu. Nimemkabidhi funguo mwenyewe. Nimezihesabu mara mbili, utadhani mimi ndiye ninayepanga.

Miaka tisa hapa Tarime, Gasto na mimi tumehama nyumba tano. Nyamisangura peke yake mara tatu. Mwenye nyumba huyu anakata umeme akijisikia, yule anataka chumba chake amweke mwanawe. Nilipopangiwa kazi ya unesi huku kutoka Muleba nilijua ni miaka miwili tu, nirudi kwetu. Sasa nina nyumba Nkende. Vyumba vinne, kila kimoja na choo ndani. Rangi ya krimu, bati la bluu — Gasto ndiye aliyechagua.

Tulinunua pagale Julai iliyopita. Lilikuwa limefika kwenye lenta, majani ndani mpaka kiunoni. Vincent, aliyetuuzia, alisema ni mali ya mama yake mkubwa, mjane, Wegesa, amezeeka na hawezi kumalizia. Siku ya kuandikishana Gasto alikuwa shuleni kwake Nyambureti. Nilienda peke yangu. Vincent akamleta bibi mmoja mfupi, amejitanda kanga mpaka puani. Hakusema neno. Akaweka dole gumba kwenye karatasi. Nikamnunulia soda. Basi, nyumba ikawa yetu.

Jumanne, 25 Februari

Vyumba vyote vimejaa! Dalali bado ananipigia, kuna watatu wanasubiri. Mji unapanuka huu, kila kona kokoto na mchanga. Gasto ameanza kuongelea Mugumu — anasema watumishi wa Serengeti wanahangaika vyumba, tuwahi kiwanja kabla bei haijapanda. Nimemwambia ngoja kwanza mkopo uishe kukatwa kwenye mshahara. Lakini nimeshinda wodini nikichora ramani kichwani. Vyumba sita, safari hii. Na kibaraza.

Jumapili, 16 Machi

Siwezi kula.

Nilitoka misa nikapitia Nkende, kuna bomba linavuja. Nikamkuta bibi amesimama uani. Mrefu, mwembamba, ana fimbo, mguuni buti za mvua. Pembeni mwanamke kijana na watoto wawili wa kiume.

Nikamwamkia. Shikamoo, mama.

"Marahaba. Nani amepaka nyumba yangu rangi?"

Nikasema nyumba ni yangu, nimeinunua. Akauliza kwa nani. Nikasema kwa mama Wegesa, kupitia Vincent, na Wegesa mwenyewe aliweka dole mbele yangu.

Akanitazama.

"Wegesa ni mimi."

Alivunjika nyonga. Tangu mwaka juzi yuko kwa binti yake huko huko Nyambureti anakofundisha Gasto, anauguzwa. Amerudi juzi. Hakupiga kelele — afadhali angepiga. Alizunguka nyumba polepole, akapapasa ukuta, akachungulia dirishani. Akasema tofali hizi amezifyatua kwa hela ya ndizi, miaka sita. Kisha akamwambia yule mwanamke kijana kitu kwa Kikurya, wakaondoka.

Gloria alikuwa mlangoni na mtoto. Dada Editha, kuna nini?

Nikamwambia hakuna kitu. Amekosea nyumba.

Nimesema hivyo. Kwa mdomo wangu. Amekosea nyumba!

Jumatatu, 17 Machi

Gasto amempigia Vincent, kisha akanipigia mimi. Vincent anasema mama yake mkubwa amechanganyikiwa, tangu aanguke kumbukumbu zimeyeyuka, anasahau hata alichouza. Gasto amepumua. Anasema wazee ndivyo walivyo, tuwe wapole naye, karatasi tunazo.

Yeye hakuwepo. Mimi ndiye niliyemwona yule mfupi. Mimi, Vincent na mashahidi wake wawili ambao hata sura zao zimenitoka.

Sikumwambia. Nilisema sawa, baba Elia. Nikakata simu.

Alhamisi, 3 Aprili

Barua ya baraza la kata imefika. Wegesa ameshtaki, tunaitwa tarehe 15.

Na leo yule mwanamke kijana amekuja kliniki. Anaitwa Boke. Nilimpima mwanawe mdogo uzito, nikaandika kadi. Akasubiri wenzake waishe.

Nilidhani ni binti wa Wegesa, au mkwe. Kumbe ni mke wake. Nyumba ntobhu, ndoa yao ya mwanamke kumwoa mwanamke — nimesikia sana habari hizi tangu nifike huku, lakini sijawahi kukaa uso kwa uso na mtu aliyeolewa hivyo. Wegesa alizaa mabinti tupu. Mume alipofariki akatoa ng'ombe, akamwoa Boke amzalie wavulana wa kuirithi nyumba yake. Ndio hao wawili, na wote walikuwa naye Nyambureti akiuguzwa.

"Vincent anasema nyumba ya wanawake watupu haina mwenyewe," Boke akaniambia. "Anasema ng'ombe zilikuwa za baba yake mkubwa, kwa hiyo na kiwanja ni cha ukoo, yaani chake yeye."

Nikamuuliza mama anaendeleaje na nyonga. Swali la kijinga. Akajibu vizuri tu, anatembea, usiku inamsumbua. Halafu akasema mama alikuwa anajenga apangishe. Alikuwa anamwambia kila siku: nitaweka manesi na walimu, watumishi hawana usumbufu.

Hakusema kwa kejeli. Alisema tu, huku anamfunga mtoto mgongoni.

Akageuka mlangoni. "Dada nesi. Siku ile ya dole, ulimwona mtu gani?"

Nikasema kuna mgonjwa ananingoja. Hakukuwa na mgonjwa. Benchi lilikuwa tupu, ameliona.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemwambia Gasto.

Alikuwa ametoka Nyambureti na matope mpaka magotini. Nilimwacha anawe, nikampa chai, nikamwambia yote. Bibi wa siku ile alikuwa mfupi, ananifika begani. Wegesa ananizidi mimi urefu. Hao si mtu mmoja.

Akaweka kikombe chini. Una hakika? Nina hakika. Akauliza tena.

Kisha: "Alijitanda kanga. Hukumwona vizuri."

Nikasema urefu haufichwi na kanga.

Akasimama, akakaa. Akaanza kunifundisha, taratibu, kama anavyofundisha darasa la nne. Niseme sikumbuki. Siyo uongo, miezi tisa imepita, nani anakumbuka? Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, lakini litakaloandikwa pale litatufuata hadi mahakamani huko mbele. Na sisi tumetapeliwa. Tulinunua kwa nia safi. Tumeezeka sisi, tumepiga plasta sisi, tumevuta maji sisi. Wegesa aliacha nini pale? Kuta na majani.

Na ni kweli! Hapo ndipo panapouma. Kila alichosema ni kweli, na bado.

Nikamwambia tumfuate Vincent aturudishie. Akacheka vibaya. Vincent kashanunua pikipiki mbili na kaoa. Akasema Elia anaingia chuo mwaka huu. Akasema, "Miaka tisa, Editha." Akajifuta macho kwa kiganja. Gasto sijawahi kumwona analia, hata alipomzika mama yake. Nimemshika mkono. Tumekaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Si mtu mbaya. Ningejua la kufanya kama angekuwa mbaya.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Vincent amekuja nyumbani na kilo tatu za nyama, anacheka, shemeji huku shemeji kule. Anasema Jumanne nisiwe na wasiwasi wowote. Yule bibi mwingine hayupo, ameshavuka mpaka wa Sirari, yuko kwa watu wake Kenya.

Yule bibi mwingine! Na hakuna aliyemuuliza.

Gasto alisikia. Alikuwa ameshika kisu, anakata nyama. Hakuinua kichwa. Akaendelea kukata.

Sikuigusa. Nimempa jirani.

Jumanne, 15 Aprili

Ofisi ya kata. Naandika hapa hapa, daftari magotini. Mvua imeshuka kwa nguvu, bati linaunguruma, hakuna anayemsikia mwenzake, wamesimamisha shauri hadi ipungue.

Nilichelewa, nilikuwa nakabidhi zamu. Nilipoingia Gasto alikuwa mbele upande wa Vincent, amenitandikia koti benchini niketi. Watu wameziba njia. Nafasi iliyobaki karibu na mlango ilikuwa kando ya Wegesa. Nikakaa. Gasto akanipungia, njoo huku. Nikamwonyesha watu, nitapitaje? Lakini watu walishakaa. Njia ilikuwepo.

Wegesa ameongea. Maneno machache, amesimama wima licha ya nyonga. Hakumtukana Vincent. Alisema Julai iliyopita hakuwa Tarime na dole lake halijagusa karatasi yoyote. Vincent naye ameongea sana. Watu wa ukoo wamecheka alipofika kwenye mambo ya wanawake kuoana. Boke ametazama chini. Mwenyekiti wa baraza, Mzee Nyangwine, amewanyamazisha, akasema anayefuata ni mnunuzi, ambaye ndiye shahidi pekee wa siku ile asiye wa ukoo.

Ndipo mvua.

Sasa hivi Wegesa ameniinamia. Nilijiandaa kwa lolote. Akauliza, "Kile chumba cha mwisho, huku kwenye mteremko. Mvua kama hii kinaingiza maji?"

"Kinaingiza, mama."

"Nilimwambia fundi ainue msingi pale. Hakunisikia."

Nikamwambia na mimi nilishangaa, kwa nini upande ule uko chini. Akatikisa kichwa. Tumekaa tunasikitikia msingi, yeye na mimi, kama wenye nyumba wawili.

Gasto anatutazama.

Mvua inapungua. Karani amefungua daftari. Mzee Nyangwine anafuta miwani, anauliza mama nesi yuko wapi. Watu wote wamegeuka. Gasto ananitikisia kichwa — kidogo, polepole, hapana.

Mzee anauliza kama niko tayari. Nimesema niko tayari. Wegesa amevuta fimbo yake nipate pa kupita, na mimi bado naandika, naandika tu, ili nisimtazame Gasto kabla sijawaambia kuwa yule wa dole alikuwa mfupi.